Mwacheni fundi apangue

*Mashuka ya viraka yanaweza kumpa fundi wa Kurasini kazi yenye jina lake. Yanabanwa na wanaotaka kila kitu kifuate sampuli, na wanaoona kiraka ni aibu.*

Vibanda vingi vya mafundi cherehani kando ya Barabara ya Kilwa, kuanzia Uhasibu na kuingia ndani hadi Mivinjeni, vina kiroba chini ya meza. Humo huangukia kila kinachobaki baada ya mkasi: pembe ya kitenge iliyotoka kwapani mwa gauni, ukanda wa khanga, bitana, kipande cha satini ya sare ya harusi, kona ya sare ya shule. Kiroba kikijaa kina njia tatu. Gereji huchukua matambara ya kufutia grisi, wajazaji wa mito huchukua vilivyo laini, na kinachobaki hupakiwa na gari la taka kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Wanaofuatilia ukataji wa nguo duniani hukadiria kwamba karibu asilimia 15 ya kitambaa hupotea pale mezani. Katika kitenge cha yadi 6 hiyo ni karibu yadi nzima, ambayo mteja ameshailipia.

Njia ya nne ni kuvimwaga vipande hivyo sakafuni, kuvipanga, kuvipangua, kuvipanga tena, kisha kuviunga kuwa uso wa shuka la kitanda. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu kupangua kunakula muda kuliko kushona. Mteja huja na picha ndani ya simu na kusema nataka kama hili, usibadilishe. Kiongozi wa kikundi cha akina mama ameshapewa oda ya mashuka yanayofanana na anataka watu wakae kwenye mashine, si kwenye sakafu. Mwalimu wa ushonaji anadai mchoro kwanza. Wote watatu wanamtaka fundi ajue mwisho wa kazi kabla hajaianza. Ninachodai hapa ni kwamba, katika kazi ya viraka, ubunifu unafanyika ndani ya majaribio yenyewe. Ukiyaondoa ili kuokoa saa mbili, umeondoa ubunifu, na kilichobaki ni kuunga vitambaa tu.

Joto, bitana na uso

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Katika nchi za baridi shuka la viraka lina tabaka tatu: uso ulioungwa, pamba katikati, na kitambaa cha nyuma, vyote vikishonewa pamoja kwa mshono unaopenya. Makete, Njombe na Lushoto wanaihitaji pamba hiyo. Kurasini, penye unyevu wa bahari na joto linalopita nyuzi 30 mwanzoni mwa mwaka, haihitajiki. Uso ukitiwa bitana nyepesi unatosha kwa usiku wa Julai, na miezi mingine unakaa kitandani kama tandiko la mchana. Maana yake ni kwamba hapa thamani yote ya kazi imekaa kwenye uso. Hakuna unene wa kuuficha wala joto la kuuza. Anayenunua ananunua mpangilio wa rangi na maumbo, basi. Ndiyo maana hoja ya muda wa kupanga ni nzito zaidi Temeke kuliko ingekuwa mahali ambapo mtu ananunua shuka ili asitetemeke.

Tena mshindani yupo jirani. Mablanketi ya mitumba na komfota za kiwandani hushuka katika bandari ileile ambayo Kurasini imeizunguka, na hakuna fundi wa kata hiyo atakayezishinda kwa bei. Anachoweza kuzishinda nacho ni kutofanana nazo.

Pwani ilikwisha kujaribu

Wanaosema kuunga vipande ni mambo ya kigeni wangefungua kabati la nyumbani. Simulizi inayokubalika zaidi juu ya asili ya khanga inasema kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mraba zilizochapwa mfululizo katika jora, zikiwa hazijakatwa. Badala ya kuchukua moja moja walikata sita, wakazigawa tatu kwa tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu kuwa nguo moja ya kujifunga. Wengine walikwenda mbali zaidi: walinunua leso za aina tofauti wakaziunga kwa mpangilio wa kila mtu na macho yake. Ziliitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inapendwa, ndipo wakaagiza ichapwe nzima, yenye pindo na mji. Angalia nani alimfuata nani. Mtindo ulipatikana kwa wanawake waliokuwa wakijaribu na vipande mkononi, na kiwanda kikaja nyuma kuunakili.

Mkeka nao unafuata akili hiyohiyo. Msusi hasuki mkeka mzima kwa mkupuo. Husuka ukili, ukanda mrefu mwembamba, kisha huuzungusha na kuuunga ukanda kwa ukanda hadi upana utoshe. Rangi anayoitia katika ukindu itaangukia wapi baada ya kuungwa ni jambo analoliona vizuri wakati wa kuunga, na msusi mzoefu hucheza na hilo.

Ushahidi ulio mzuri kuliko wote uko ng'ambo ya bahari. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao wengi walipelekwa huko kutoka Afrika Mashariki, baadhi yao kupitia Goa iliyokuwa chini ya Wareno, hushona matandiko ya viraka yanayoitwa kawandi. Hawaanzi na mchoro wala hawakati miraba iliyo sawa. Mshonaji hutandika sari kuukuu kama msingi, huanzia pembeni, akipachika kipande baada ya kipande kwa mshono wa mkono, huku akizunguka kuelekea ndani hadi akutane na katikati. Kila kipande kipya kinajibu kile kilichotangulia. Pembe nne hupambwa kwa vipande vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua, na bila hivyo tandiko huhesabiwa kuwa uchi. Mambo mawili yanafaa kushikwa hapo. Kwanza, kazi isiyo na mchoro ina kanuni: msingi, mwelekeo, pembe. Pili, kanuni hizo hazimwambii mshonaji kipande gani kifuate. Amebaki na uhuru wake palepale unapohitajika.

*Kila kipande kipya kinajibu kile kilichotangulia.*

Hesabu ya sakafuni

Mwenye kudai mchoro kwanza anaamini kwamba fundi makini anaweza kuuona mpangilio kichwani au kwenye karatasi. Tuipime imani hiyo kwa hesabu. Chukua umbo rahisi kuliko yote: mraba uliogawanywa kwa mshazari, nusu rangi nzito, nusu rangi nyepesi. Mraba mmoja unaweza kukaa kwa namna 4, kwa kuuzungusha tu. Miraba miwili inakupa namna 16, na minne inakupa 256. Ukifika miraba 16, kitu kidogo kisichozidi foronya ya mto wa kochi, namna za kuipanga zinapita bilioni 4. Mtawa wa Kifaransa, Sébastien Truchet, alichapisha uchunguzi wa vigae vya aina hii mwaka 1704, na mchezo huo haujaisha hadi leo. Sasa fikiria uso wa kitanda cha 5 kwa 6 wenye miraba 72 ya inchi 10: namna zake huandikwa kwa namba yenye tarakimu 44. Hakuna kichwa kinachobeba hiyo. Anayepanga na kupangua sakafuni anaitafuta njia ndani ya msitu huo kwa jicho, akitupa maelfu ya namna mbaya bila hata kuzitaja, na kusimama pale jicho linaposema hapa.

Na hapo tumezungumzia vitambaa viwili vya rangi moja moja. Kiroba cha Kurasini kina vitambaa vya kila namna, na kitenge kina ukaidi wake. Ua kubwa lenye upana wa kiganja, ukilikata kwa inchi 5, si ua tena. Ni mkunjo wa mstari unaokatiza, na unaweza kuungana na mkunjo wa kipande kingine ukatoa umbo ambalo mchapaji wa kitenge hakulifikiria. Chapa ndogo ya vidoto, ukisimama hatua nne nyuma, inageuka rangi moja. Nyekundu na kijani zinazogombana machoni zinaweza kuwa na uzito uleule, zikishonwa jirani zinameza mstari uliotakiwa kuonekana. Mafundi wana njia zao za kulikamata hilo: kukunja jicho nusu, au kupiga picha kwa simu na kuiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Khanga nayo inatoa pindo tayari kwa ukingo, na jina lake likikatwa linaacha herufi zisizo na mwenyewe. Fundi mcheshi huiacha nusu ya jina palepale kwenye mto, anayejua amalizie. Mambo haya hayachoreki kwa penseli. Yanaonekana kitambaa kikiwa kando ya kitambaa.

Hoja ya wanaotaka sampuli

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kuipunguza uzito. Wanasema hivi: fundi anayejaribu kila mara hapati kasi, hawezi kutaja bei kabla, na kazi yake ya leo haifanani na ya jana, kwa hiyo duka la wageni haliwezi kumwagiza mara ya pili. Mafunzo ya ushonaji katika vyuo vya VETA, kikiwamo cha Chang'ombe hapo hapo Temeke, yanajengwa juu ya vipimo na patani kwa sababu hiyo. Mfano wao mzuri uko Mji Mkongwe, Zanzibar, ambako kikundi cha wanawake cha Sasik kimejipatia jina kwa foronya na matandiko ya vitambaa vilivyokatwa kufuata nakshi za milango na mapambo ya pwani. Kazi ni safi, inarudiwa, inauzika. Mchoro umewalipa.

Ni kweli umewalipa. Lakini nakshi ya mlango ni umbo lililokwisha kujaribiwa na maseremala kwa vizazi kabla halijafika kwenye kitambaa. Majaribio yalifanyika, yalifanywa na wengine, kwenye mbao. Halafu mchoro wa namna hiyo unataka vitambaa vilivyochaguliwa kwa makusudi, vya rangi tulivu, vinavyopatikana tena dukani kesho. Fundi wa Kurasini ana kiroba ambacho hakitajirudia. Kumpa mchoro wa kurudia ni kumwambia aende Kariakoo akanunue majora, na akishafanya hivyo amepoteza faida pekee aliyokuwa nayo, malighafi isiyo na gharama na isiyofanana na ya mtu mwingine.

Ambapo wapenda vipimo wana haki kabisa ni kwenye mshono. Uso wenye vipande 16 kwa upana una mishono 15. Kila mshono ukila nusu ya robo inchi kuliko uliopangwa, safu hiyo inafupika kwa karibu inchi 2, na haitakutana na safu ya chini yake iliyoshonwa vizuri. Uhuru wa kupanga hauponyi kosa hilo. Mafundi wa nguo wamezoea kuacha upindo mpana ili gauni lije kuongezwa mteja akinenepa. Kwenye viraka mazoea hayo yanafanya uso uwe mzito na wenye mabonge, na ni lazima yaachwe, robo inchi kila upande, bila huruma. Vilevile vipande vya kwapani na shingoni vimekatwa hanamu, vinavutika. Dawa yake ni ileile ya Wasiddi: kuvishonea juu ya msingi, khanga kuukuu au amerikani. Na kitambaa kipya kifuliwe kabla, kikiwa kimelazwa juu ya kitambaa cheupe wakati wa kukauka ili kama kinachuja kijitaje mapema. Haya yote yafundishwe kwa ukali wa chuo. Nidhamu ya mshono na uhuru wa mpangilio havigombani, na kosa la wengi ni kudhani kwamba anayedai uhuru wa mpangilio anatetea mshono mbovu.

*Upindo uwe robo inchi, bila huruma. Mpangilio uachwe wazi.*

Kuna mahali ambapo pande hizi mbili ziliwekwa kwenye mizani moja, katika jimbo la Alabama, Marekani. Mwaka 1966, wakati wa harakati za haki za raia, wanawake Weusi wa Wilcox County, wakiwamo wa kijiji cha Gee's Bend, walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee ili kuuza mashuka ya viraka. Maduka makubwa yalitaka mifano inayofanana, na mwaka 1972 kampuni ya Sears ikawapa oda ya foronya za kodrai. Zilishonwa kwa kufuata maelekezo, zikalipa mishahara, na hilo si dogo. Mabaki ya kodrai hiyo yakaenda majumbani. Huko, pasipo mkaguzi, wanawake waliyapanga walivyoona wenyewe, vipande virefu, miraba iliyopinda, nyekundu dhidi ya kahawia. Mwaka 2002 mashuka ya kijiji hicho yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Foronya za Sears zilipita kama bidhaa zinavyopita. Sisemi oda ilikuwa mbaya. Bila oda kodrai isingefika kijijini. Nasema kilichodumu kilitoka kwenye saa ambazo hakuna aliyezilipia.

Kiraka na aibu

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti, ila ndilo linalofunga milango. Nguo ya kiraka katika mji huu ni nguo ya asiyenacho, na mama anayemwandalia binti yake kitanda cha harusi hataki wakwe wahesabu viraka. Hofu hiyo ina msingi wake na haitaondolewa kwa semina. Lakini hali ya kiraka hubadilika, na imewahi kubadilika karibu nasi. Nchini Sudan, wafuasi wa Muhammad Ahmad aliyejitangaza Mahdi mwaka 1881 walivaa jibba lenye viraka kama ishara ya kuikana dunia. Baada ya miaka michache viraka hivyo vilikuwa vikikatwa kwa ustadi, kwa rangi zilizochaguliwa, vikapachikwa kwa ulinganifu kulia na kushoto juu ya nguo mpya ambayo haikuwa na tundu lolote. Matambara ya ufukara yakawa sare ya jeshi. Kilichofanya kazi hiyo ni kuonekana kwamba kila kiraka kimewekwa kwa makusudi.

Makusudi ndiyo yanayosomwa na jicho la mkwe. Shuka lililoungwa haraka ili kumaliza kiroba linasema umaskini hata kama vitambaa vyake ni vya bei, na lile ambalo fundi amelipangua mara kumi linasema kitu kingine kabisa. Kwa hiyo anayeona aibu ya viraka na anayetaka kuokoa muda wa kupanga wanasaidiana bila kujua: huyu anazalisha kile ambacho yule anakikimbia.

Nani alipie saa za sakafuni

Imebaki fedha, na hapa jibu si jepesi. Fundi hulipwa kwa kipande kilichoshonwa. Gauni lina bei yake ya mtaa na kila mteja anaijua. Shuka la viraka halina, kwa hiyo mteja hukadiria kwa kile anachokiona, yaani matambara na uzi. “Fundi, nguo zenyewe si mabaki ya watu?” Swali la haki kabisa kwa asiyeona saa zilizokaa sakafuni. Njia moja ni kuzitenga wazi: bei ya kushona iwe moja, bei ya kupanga iwe nyingine, na mteja anayetaka sampuli ya kwenye simu alipe ile ya kwanza tu. Atakayetaka mpangilio wake asiokuwa nao mwingine atajua analipia nini. Maonyesho ya Sabasaba, yanayofanyika kila mwaka mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai umbali mfupi kutoka Kurasini, ni mahali pazuri pa kuipima bei ya aina hiyo, kwa kuwa hapo mnunuzi haji na fundi wake wa mtaani kichwani. Vikundi vinavyopeleka mashuka 20 yanayofanana vingepeleka pia matano yasiyofanana, vikaona yapi yanaondoka kwa bei gani.

Ukianza kulipia mpangilio, lazima swali la umiliki lifuate. Gee's Bend walilifikia kwa uchungu: mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai malipo kutokana na mashuka yao na matumizi ya michoro yake, na mwaka uliofuata pande zikamalizana nje ya mahakama. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazihesabu kazi za sanaa tumizi, za mikono na za kiwandani, miongoni mwa zinazolindwa. Ugumu ni kuthibitisha. Mpangilio ukishapigwa picha sokoni, mwezi ujao unaweza kuwa umechapwa kwenye kitambaa kizima huko mbali, kama ilivyokuwa kwa leso za kushona, na aliyeupata kwa jicho lake hana karatasi yoyote ya kuonyesha. Ana simu, hata hivyo. Zile picha nyeusi na nyeupe anazopiga ili kupima uzito wa rangi, moja baada ya nyingine, kila mpangilio aliouvunja na saa aliyouvunja, hubeba tarehe zenyewe. Asizifute ili kupata nafasi.